Makorongo wa Nairobi na Mto Wao

Mgeni ajaye Nairobi kwa mara ya kwanza aghalabu huambiwa kwamba akitaka kuona viumbe wakubwa wa porini, sharti alipe kiingilio na kwenda katika mbuga ya taifa iliyofunguliwa mwaka 1946 upande wa kusini wa mji. Neno hilo ni kweli kwa habari ya simba na kifaru. Lakini kwa habari ya ndege si kweli hata kidogo. Penye mzunguko wa barabara karibu na Uwanja wa Nyayo, mahali inapokutana Barabara ya Mombasa na ile iendayo Lang'ata, pana migunga mirefu, na juu ya migunga hiyo hukaa ndege mmoja mkubwa ajabu, wala si mmoja tu, bali kundi zima. Abiria aliye ndani ya matatu hana haja ya darubini. Atakalo ni kuinua macho tu.

Ndege huyo ni korongo. Vitabu vyetu humwita korongo mfuko-shingo, na wengine humwita kongoti. Ndugu zetu wa Buganda humwita kalooli. Wazungu humwita marabou, jina lililotoka katika Kiarabu, murabit, ambalo maana yake ni mcha Mungu aliyejitenga na watu ili akae katika ibada. Mwenye kumtazama akisimama peke yake juu ya tawi, mabega ameyainua, kichwa amekiinamisha na vazi lake jeusi limemfunika mpaka magotini, hatashangaa kwamba alipewa jina kama hilo.

Katika makala hii nataka kuwaeleza wasomaji habari za ndege hawa, wanakokaa, wanakokwenda kutafuta riziki yao, na kwa nini yatupasa sisi wenyeji wa Nairobi, pamoja na ninyi mnaolima mbali na Nairobi, kuwatazama kwa makini. Wengi wetu huwaona kila siku lakini hatujapata kuwauliza lolote.

UMBO NA DESTURI ZAKE

Korongo huyu akisimama hufikia kimo cha mita 1.5, yaani hukaribia kimo cha mtu mfupi. Uzito wake waweza kufika kilo 9. Akikunjua mabawa yake, kutoka ncha hata ncha, upana wake hupita mita 2.5. Mgongo na mabawa ni ya rangi ya majivu iliyoiva hata kuwa karibu na nyeusi, na tumbo ni jeupe. Kichwani na shingoni hana manyoya ila machache yaliyotawanyika kama nywele za mzee sana. Ana upara.

Upara huo si ulemavu. Chakula chake kikubwa ni mizoga na mabaki ya nyama, naye huingiza kichwa chote ndani ya mzoga. Kama angekuwa na manyoya kichwani, damu ingegandamana nayo na kuoza. Kwa hiyo ameumbwa na kichwa ambacho jua lakikausha na kukisafisha upesi, kama alivyoumbwa tumbusi.

Chini ya shingo yake huning'inia mfuko mwekundu. Watu wengi husema kwamba mfuko huo ni ghala ya kuwekea chakula, lakini sivyo. Mfuko huo hujaa hewa wala si chakula, naye huutumia kujionyesha mbele ya wenzake wakati wa kutafuta mke. Miguu yake ni ya rangi ya kiza, lakini tukiitazama twaiona myeupe kana kwamba imepakwa chokaa. Weupe huo ni kinyesi chake mwenyewe, ambacho hujimwagia miguuni ili umajimaji ukikauka umpoze wakati wa joto. Sauti ya kuimba hana. Hugonganisha mdomo wake mkubwa ukalia kama vijiti viwili vikigongwa, au huguna.

Kiota hukijenga kwa vijiti juu ya mti mrefu, tena hupenda kujenga pamoja na wenzake, viota vingi katika mti mmoja. Jike hutaga mayai mawili au matatu. Baba na mama hupokezana kuyaatamia kwa muda wa mwezi mmoja hivi, na kinda hukaa kiotani zaidi ya miezi mitatu kabla ya kuruka. Hutimiza miaka minne hivi kabla ya kuanza kuzaa. Basi ndege huyu hukua polepole, naye haongezeki kama kuku. Mahali anapozaa huwa ni mahali alipokwisha kuona kwamba chakula kipo leo, na kesho kitakuwapo.

TAI WA MAREKANI NA KORONGO WETU

Ili tuuelewe mkusanyiko huu wa Nairobi, yafaa tutazame kwanza mkusanyiko mwingine ulio mbali. Huko Marekani yuko tai mmoja mkubwa, ndugu wa furukombe wetu anayelia juu ya maji ya Naivasha. Wamarekani walimweka katika muhuri wa taifa lao mwaka 1782, na mwezi wa Desemba 2024 sheria ilitiwa sahihi kumfanya rasmi kuwa ndege wa taifa. Jina lake kwa Kiingereza hufahamika siku hizi kana kwamba ni tai mwenye upara, lakini upara hana. Ana manyoya meupe kichwani, na neno lile hapo zamani lilikuwa na maana ya weupe.

Wakati wa baridi kali, maziwa na mito ya kaskazini huganda, na tai huyo ambaye chakula chake ni samaki hukosa mahali pa kuvua. Ndipo husafiri mpaka kwenye maji yasiyoganda. Katika Mto Mississippi hukusanyika chini ya mabwawa, ambako maji hupita kwa nguvu na hayapati nafasi ya kuganda. Huko Alaska, katika Mto Chilkat, maji yaliyo vuguvugu kidogo hutoka chini ya ardhi, na samaki waitwao samoni hupanda mtoni wakiwa wamechelewa, basi tai hufika kwa maelfu. Watu hufunga safari, wakavaa makoti mazito na kusimama ukingoni kutwa nzima, ili kuwatazama tu.

Lakini tai wale nusura waishe. Baada ya Vita Kuu ya Pili sumu iitwayo DDT ilimwagwa mashambani na kwenye vinamasi ili kuua wadudu. Sumu ikateremka mitoni, ikaingia katika samaki, na kutoka kwa samaki ikaingia katika tai. Tai hakufa palepale. Maganda ya mayai yake yakawa membamba, hata mama alipoyaatamia yakavunjika. Kufika mwaka 1963, katika Marekani yote isipokuwa Alaska, zilihesabiwa jozi 417 tu zenye viota. Mwaka 1972 sumu hiyo ilikatazwa. Kufika mwaka 2007 jozi zilikuwa zimekaribia 10,000, na tai akaondolewa katika orodha ya viumbe walio hatarini.

Sababu ya kueleza habari hizi ni moja. Ndege mkubwa hakusanyiki mahali pasipo sababu, wala hapotei pasipo sababu. Tai wa Marekani hukusanyika penye maji wazi na samaki. Je, korongo wetu hukusanyika Nairobi kwa ajili gani?

ASUBUHI ZA KIPUPWE

Wakati mzuri wa kuwatazama ni miezi ya kipupwe, tangu Juni hata Agosti. Theluji hatuna, lakini mawingu huufunika mji siku nzima, nasi makarani hupanda matatu tukiwa tumejikunyata ndani ya makoti. Makorongo nao hujikunyata. Saa moja ya asubuhi, wakati barabara zimekwisha kujaa magari na honi zinalia, wao bado wamesimama juu ya migunga yao bila kutikisika. Saa mbili wapo. Mara nyingine hata saa tatu na nusu wangali wapo.

Huo si uvivu. Ndege mwenye uzito kama ule hawezi kupiga mabawa siku nzima, maana angechoka kabla ya kushiba. Yeye hungoja jua lipashe ardhi joto, kisha hewa ya moto ianze kupanda, naye hupanda nayo, akizunguka polepole pasipo kupiga bawa, mpaka awe juu sana. Toka huko juu hujiachia akateleza hewani kilomita nyingi kwa nguvu kidogo tu. Siku ya mawingu hewa huchelewa kupanda, basi naye huchelewa kwenda kazini.

Na kazini kwake ni wapi? Wengi wao huelekea mashariki, kwenye jaa la Dandora. Jaa hilo lilianzishwa katika miaka ya 1970 katika machimbo ya mawe yaliyoachwa, karibu na Mto Nairobi. Mwaka 2001 ilitangazwa kwamba limejaa, lakini miaka mingi baada ya hapo malori yaliendelea kumwaga taka za mji palepale. Huko makorongo hutembea katikati ya watu wanaookota chupa na vyuma, kila mmoja akitafuta chake, wala hawaogopani. Wengine huelekea upande wa pili, upande wa magharibi, na huko ndiko nilikotaka kwenda kuwafuata.

KUUFUATA MTO KWENDA MAGHARIBI

Jumamosi moja ya mwezi wa Julai nilianza safari yangu penye jumba la makumbusho lililofunguliwa mwaka 1930 juu ya kilima kilicho kando ya mto. Mahali hapo pana historia katika mambo ya ndege. Chama cha wachunguzi wa viumbe wa Afrika ya Mashariki kiliundwa mwaka 1909, nacho ndicho kilichoanzisha makumbusho. Tangu miaka ya 1970 wapenzi wa ndege wamekuwa wakikutana hapo asubuhi ya Jumatano na kutoka pamoja kwa miguu au kwa magari, na kwa miaka mingi kiongozi wao alikuwa Bibi Fleur Ng'weno.

Chini ya kilima hupita Mto Nairobi wenyewe. Jina la mji wetu lilitoka katika Kimaasai, Enkare Nairobi, yaani maji baridi. Reli ilipofika mwaka 1899 pale palikuwa kinamasi. Baadaye ukingo huo uligeuka kuwa mahali pa kutupa kila kisichotakiwa. Mwaka 2008 marehemu John Michuki, aliyekuwa Waziri wa Mazingira, alianzisha kazi ya kuusafisha mto na kupanda miti, na bustani iliyo kati ya makumbusho na katikati ya mji ikaja kupewa jina lake. Nilisimama hapo kitambo. Juu ya mianzi na miti mwewe walikuwa wakizunguka, wakipinda mikia yao kushoto na kulia kama nahodha ashikaye usukani. Kwarara walikuwa wakichokora matope kwa midomo yao iliyopindika. Mtoto wa shule aliyekuwa akila andazi alilishika kwa mikono yote miwili, kwa maana mwewe wa Nairobi ni mwizi hodari. Anapokonya mkononi na kuondoka kabla mtu hajapata kupiga kelele.

Wakulima wanamjua mwewe kwa sababu ya vifaranga. Lakini huenda hawajui kwamba katika mwewe tunaowaona kati ya Novemba na Machi wamo wageni waliotoka Ulaya na Asia kukimbia baridi ya huko. Kwa hiyo sisi nasi tu mto usioganda kwa ndege wa nchi nyingine.

Kutoka hapo nilipanda kupitia Chiromo, kisha nikaingia katika bustani ya miti iliyoanzishwa mwaka 1907 kando ya kijito cha Kirichwa Kubwa, ili kujaribu miti ya kigeni itakayofaa kuwa kuni za treni. Treni ziliacha kuni zamani, lakini miti ilibaki, na leo ni kivuli cha watu wengi siku za mapumziko. Makorongo sikuwaona chini ya miti ile. Niliwaona juu, wanne, wakiteleza hewani kuelekea machweo. Nikapanda gari la abiria, tukapita Kawangware na Waithaka, nikashuka penye Soko la Dagoretti.

Dagoretti ni mahali penye historia. Hapo, mwaka 1890, Kapteni Lugard alijenga boma la kampuni ya Kiingereza baada ya kupatana na Waiyaki wa Hinga, na upatanifu huo haukudumu. Leo mahali hapo pajulikana kwa nyama. Ng'ombe hufika kwa malori kutoka wilaya za wafugaji, nao huchinjwa katika machinjio ya hapo, na sehemu kubwa ya nyama iliwayo katika hoteli na majumba ya Nairobi hutoka huko.

Basi hapo ndipo nilipowakuta makorongo wangu. Walijipanga juu ya mapaa ya mabati kama wazee wa baraza wanaongoja kesi. Wengine walikuwa chini, wakitembea kwa hatua ndefu za taratibu, na mtu akipita huondoka hatua mbili tu kumpisha. Utumbo ulipotupwa, heshima yote iliisha. Walikurupuka pamoja, wakagombana kwa midomo, na mwewe waliwapitia katikati wakanyakua vipande. Kwa muda wa dakika chache ardhi ilikuwa imekwisha kusafishwa.

Nilimkuta mzee mmoja aliyekaa juu ya gogo akinoa kisu. Baada ya kumwamkia na kuulizana hali, nilimwuliza kama ndege hawa wanawasumbua.

"Kijana wangu," akasema, "hawa ni vibarua wasiodai mshahara. Kama si wao, harufu ya hapa ungeisikia ukiwa kwenu mjini. Wanajua na ratiba yetu. Siku ya kufunga hawaji."

"Na mto ule, mzee?" nikauliza, nikionyesha bondeni.

Alinyamaza kidogo, akakipima kisu kwa kidole. "Mto ule nilipokuwa mtoto tuliteka maji ya kunywa. Mama akitutuma na mtungi. Leo sitamnywesha hata ng'ombe anayengoja kuchinjwa jioni. Ndege wameongezeka, maji yameharibika. Wewe ni mtu wa ofisini, utajua mwenyewe kama mambo hayo ni mawili au ni moja."

MASHTAKA NA UTETEZI

Nimelifikiri neno la mzee yule siku nyingi, kwa kuwa mjini wengi huyafanya mambo hayo kuwa mawili. Mashtaka juu ya makorongo nimeyasikia ofisini na ndani ya magari. Yasemwa kwamba huchafua magari na nguo za wapita njia, na kwamba harufu chini ya miti yao haivumiliki. Kinyesi chao ni kikali, nacho huikausha miti wanayoikalia. Wako wasemao kwamba dawa ni kukata migunga yote ili waende zao.

Sehemu ya mashtaka hayo ni kweli, wala sitayakanusha. Mimi mwenyewe sipendi kupita chini ya mti wao nikiwa nimevaa shati jeupe. Lakini hukumu ni mbaya. Mwenye kuukata mti hajaondoa hata kikapu kimoja cha taka. Ndege atahamia mti mwingine, labda ule ulio juu ya shule au hospitali. Tena miti mirefu ya mji wetu haikubaki mingi. Barabara ya juu itokayo Mlolongo hata Westlands, yenye urefu wa kilomita 27, iliyofunguliwa mwaka 2022, iligharimu miti mingi ya kandokando. Watu walipolia kwa ajili ya mgumo mmoja mkubwa wa Westlands, Rais aliamuru mwezi wa Novemba 2020 kwamba usikatwe, na barabara ikajengwa nao ukisimama. Basi imeonekana kwamba mti waweza kuachwa, watu wakitaka. Ndivyo ilivyoonekana pia mwaka 1989, Profesa Wangari Maathai alipokataa jengo la ghorofa 60 lisijengwe katika Bustani ya Uhuru, na bustani ikabaki.

Wenzetu wa Kampala walitutangulia katika jambo hili. Makalooli walijenga viota katika miti ya mji ule miaka mingi iliyopita, na mtaalamu Derek Pomeroy wa Chuo Kikuu cha Makerere aliwachunguza kwa makini. Ni jambo lililo wazi huko kama lilivyo wazi hapa: penye taka zisizofunikwa ndege huzidi. Hawakuletwa na mtu. Walikuja kuzifuata taka zetu, wakazila, na kwa kuzila wametupunguzia magonjwa, nzi na panya. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni huyu anamponya mwenyeji kila siku, na mwenyeji anamtupia mawe.

Hata hivyo, yeye mwenyewe hapati chakula chema kwetu. Pamoja na utumbo humeza mifuko, kamba na vipande vya plastiki, kwa kuwa vimelowa damu na hawezi kuvitenganisha. Serikali ilikataza mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa tangu tarehe 28 Agosti 2017, na jambo hilo lilifaa sana. Lakini plastiki ya namna nyingine bado ni nyingi, na jaani bado ni chakula na sumu katika sahani moja.

Neno la sumu lanikumbusha wakulima na wafugaji. Katika nchi yetu tumbusi na tai wamepungua sana kwa muda wa miaka arobaini hivi, na sababu mojawapo kubwa ni mzoga uliotiwa dawa ya wadudu. Simba au fisi amemwua ng'ombe. Mfugaji kwa hasira humwagia mzoga dawa ili mwizi akirudi afe. Mwizi huenda asirudi. Lakini ndege mia huweza kushuka, wakala, wakafa wote mchana mmoja, pamoja na mbwa wa jirani. Aliyewaua hakuwakusudia, kama vile wakulima wa Marekani hawakukusudia kuyavunja mayai ya tai wao. Na ndege wanaozaa polepole hawarudi upesi.

MTO HAUISHII NAIROBI

Sasa narudi kwenye swali la mzee wa Dagoretti. Kwa maoni yangu mambo yale ni jambo moja. Wingi wa makorongo ni kipimo cha taka ambazo mji wa Nairobi haujazifikisha mahali pake. Mtu akiona joto la mgonjwa limepanda hakivunji kipimo; humtibu mgonjwa.

Tena mto huu si mali ya Nairobi peke yake. Huanzia katika kinamasi cha Ondiri, karibu na mji wa Kikuyu, ambako maji bado yana majani na ndege wa maji. Hupita Dagoretti na mitaa ya magharibi, hupokea vijito vyake, hupita katikati ya mji, hupita Dandora, kisha huingia katika Mto Athi. Athi hushuka ukawa Galana, na mwishowe Sabaki, unaomwaga maji yake baharini karibu na Malindi. Njiani wako watu wanaochota maji hayo kumwagilia sukuma wiki, spinachi na nyanya. Mboga hizo hupandishwa malori na kurudi katika masoko yaleyale ya Nairobi. Karani anayetupa taka mtoni kwa kusema zimekwenda zake, huenda akakutana nazo tena sahanini mwake kabla ya mwisho wa mwezi.

Mvua za Aprili na Mei mwaka 2024 zilitufundisha kwa uchungu. Mito ya Nairobi ilifurika, ikachukua nyumba na watu, hasa katika Mathare, na baadaye waliojenga ukingoni waliamriwa kuhama. Mito iliyozibwa na taka haikuwa na nafasi ya kupitisha maji. Mwaka 2025 serikali ilianzisha tena kazi kubwa ya kuurudishia mto uhai wake. Kazi kama hiyo ilipata kuanzishwa zamani na Bwana Michuki, na sehemu aliyoisafisha ilionyesha kwamba yawezekana. Lakini mto haupati kusafishwa mara moja kama sufuria. Husafishwa kila siku na wale wasioutupia taka.

Basi kila mtu ana sehemu yake. Aliye mjini na atenge mabaki ya chakula, maana yanaweza kuwa mbolea au chakula cha nguruwe, na asikubali taka za nyumba yake zichukuliwe na mtu asiyejua anazipeleka wapi. Mwenye machinjio na achimbe mashimo yake na kuyatunza kama sheria itakavyo. Mfugaji na aiache dawa ya wadudu katika kazi yake. Mwenye shamba kando ya kijito na aache ukanda wa miti na majani ukingoni, asilime mpaka majini.

Tukifanya hivyo, makorongo watapungua Nairobi pasipo kukatwa mti wala kutupiwa jiwe. Watarudi katika nyika na kando ya maziwa, ambako kazi yao ya kusafisha mizoga inawangoja. Na mahali pao, kando ya maji yaliyotakata, tutamwona mdiria akiinama juu ya tawi kungoja samaki. Mdiria ni ndege mdogo, naye hamchafui mpita njia. Lakini hakai penye maji ambamo samaki hawezi kuishi, wala hakuna karani awezaye kumwandikia barua ya kumwita. Mkulima wa bonde la Athi, ambaye maji yake ni yale yaliyotoka kwetu, ana haki ya kutuuliza tutamleta lini.